Opio Kabla ya Odongo: Miaka Thelathini na Mmoja ya Mzee Methuselah Oriokot

Leo, Ijumaa tarehe 30 Julai 1999, Mzee Methuselah Oriokot anastaafu baada ya kukitumikia Kitengo cha Filamu cha Mradi wa Afya Mpakani, hapa Busia, kwa miaka thelathini na mmoja kasoro siku moja. Siku hiyo moja ameidai tangu mwezi wa Mei. Daktari Okwara, mkuu wetu, amemweleza mara tatu kwamba siku yenyewe inaangukia Jumamosi na ofisi hufungwa. Mzee anajibu kwamba sinema nyingi alizoonyesha maishani mwake zilikuwa za Jumamosi, na hakuna mtazamaji aliyefunga macho.

Mimi ninayeandika na kuwasomea haya ni Beryl Amondi, karani wa kitengo. Watu wanadhani nimepewa kazi hii kwa sababu napiga chapa haraka. La, niliiomba mwenyewe. Wasifu wa mstaafu huanza kwa kulifungua faili lake, nami nimelifungua la Mzee. Ni jepesi mno kwa mtu wa umri wake kazini. Lina barua za likizo, barua mbili za kupandishwa cheo, ombi moja la viatu vya mpira ambalo halijajibiwa tangu mwaka wa 1977, na barua moja ya onyo. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyoniketisha hapa. Kanuni ya mradi inasema kwamba Cheti cha Utumishi Safi hupewa mstaafu asiye na onyo hata moja, na kwa sababu ya karatasi hiyo moja jina la Mzee halikuwa kwenye orodha ya mwaka huu. Nitaifikia barua hiyo. Mnivumilie nikipitia mbali kidogo, maana safari za Mzee zote zimekuwa hivyo.

Alizaliwa Amukura mwaka wa 1944, na wazazi wake wakamwita Methuselah. Mpaka leo tumeshindwa kuamua kama walikuwa wanatabiri au wanatania. Aliajiriwa tarehe mosi Agosti 1968 kuwa tanboi, yaani utingo, wa gari la sinema. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kulishika pazia jeupe upepo usilichukue, na anasema aliziona filamu zote za mwaka ule kwa upande wa nyuma, maandishi yakiwa kinyume. Baada ya miaka miwili alikuwa ameikalia projekta. Baada ya mitatu alikuwa anakata na kuunga filamu kwa wembe, gundi na pumzi iliyozuiwa. Hajawahi kutupa kipande. Kila kilichokatwa alikitia ndani ya kopo la mafuta ya kupikia ya Kimbo lenye kifuniko, akakiandika, akakihifadhi. Tulimcheka sana kwa kopo hilo. Nawaomba mlikumbuke, maana litarudi.

Mwaka wa 1974 alifanya kosa lililomfanya awe Methuselah tunayemjua. Filamu ya kifua kikuu ilikuja katika mikanda midogo kumi, kila mmoja kwenye kopo lenye namba. Njiani kwenda Budalang'i kopo la sita liligeuka juu chini likasomeka tisa, na la tisa likasomeka sita. Watu wakamwona mgonjwa amepona, anacheza mpira na wanawe, halafu anameza dawa na kuanza kutema damu. Waliondoka wakiapa kwamba dawa ile haitaingia midomoni mwao. Mzee alirudi wiki iliyofuata kwa gharama ya miguu yake, kwa sababu gari lilikuwa limekwama, akaionyesha upya kwa mpangilio wake mpaka watu wakaridhika.

Tangu siku hiyo hakutumia namba tena. Alivipa vipande majina ya watoto. Huku kwetu, uwe Mteso au Mjaluo, pacha anayetangulia ni Opio, anayefuata ni Odongo, na atakayezaliwa baada ya mapacha ni Okello. Namba inaweza kupinduka, lakini nani wa Busia utamwambia kwamba Odongo alimtangulia Opio, akakubali? Filamu ilipozidi vipande vitatu, Mzee aliendelea na majina ya watoto wake mwenyewe kwa kufuata umri. Mama Apeduno, mkewe, alikuja ofisini siku moja kulalamika kwamba binti yao wa tano amegeuzwa mkanda wa kuhara. Alipewa soda, akaelezwa umuhimu wa mkanda ule, akarudi nyumbani na fahari nusu na hasira nusu.

Mwaka wa 1988 alitumwa Malaba kuwaonyesha madereva wa malori filamu ya UKIMWI. Foleni ilikuwa ndefu na pazia letu lilikuwa limeraruka. Mzee akaona lori lenye turubai jeupe, akamwomba dereva ruhusa, akawasha projekta saa moja jioni kiza kilipoingia. Madereva wakaketi chini kutazama. Katikati ya filamu karatasi za lori lile zikapigwa mhuri. Dereva alikuwa amengoja siku nne, na hakuwa tayari kungoja mwisho wa sinema. Akawasha injini. Mzee akaigeuza projekta kulifuata, na muuguzi aliyekuwa akifundisha ubavuni mwa lori akaondoka nalo polepole hadi kizuizini na kuvuka mpaka, midomo ikicheza, huku watazamaji wakipiga makofi. Ripoti ya Mzee ilikuwa mstari mmoja: filamu imeonyeshwa katika nchi mbili.

Kuna na yale yasiyochekesha. Kila mwezi, kwa miaka kumi na minne, alikwenda hospitali ya Alupe kuwaonyesha wagonjwa waliolazwa muda mrefu filamu yoyote wanayoitaka, hata isiyohusu afya. Hajakosa mwezi. Nimeulizia pale wodini, na mama mmoja mfagiaji akaniambia kwamba wagonjwa walikuwa wanahesabu siku kwa kumngoja yeye.

Kompyuta ililetwa mwaka wa 1997 pamoja na kisanduku cha kuingizia video ndani yake. Wakubwa wakasema sasa ni zamu ya vijana. Mzee alikuwa na umri wa miaka hamsini na tatu na alibonyeza herufi kwa kidole kimoja, cha shahada. Akakichukua kitabu cha maelekezo, akaazima kamusi, akajifungia nacho wiki tatu, na Protus, dereva wetu, akiwa mwanafunzi wake wa lazima. Alikuwa na sababu. Kanda ya video ukiinakili mara ya kwanza picha hufifia kidogo, mara ya pili hufifia zaidi, na mara ya tatu nyuso za watu zimekuwa uji. Ndani ya kompyuta nakala ya mia ni sawasawa na ya kwanza. Kwa mtu aliyetumia maisha yake kuwalinda watu wasiharibike kwenye pazia, habari hiyo ilikuwa kubwa.

Kisanduku kilikuwa na tabia ya kuzirai kila baada ya nusu dakika, kwa hiyo video iliingia kwa vipande vifupi vifupi, na lazima mtu aviunge. Kuunga hufanywa kwenye ule ukurasa mweusi usio na picha wala vitufe, kwa kuandika amri kwa herufi. Amri yenyewe Mzee aliiandika kwa chaki ukutani, na bado ipo:

copy /b opio.mpg+odongo.mpg+okello.mpg kipindu.mpg

Niieleze kama alivyotueleza. Majina yenye alama ya kujumlisha katikati ni vipande, kwa mpangilio wa kuzaliwa. Jina la mwisho, lililosimama peke yake, ni filamu mpya, hapa ile ya kipindupindu kwa ufupi. Ukilisahau, mashine haitakuuliza. Itaandika matokeo juu ya kipande cha kwanza, na kipande hicho utakuwa umekizika. Nayo hiyo b ndiyo roho ya kazi. Bila b mashine hudhani imepewa barua, inasoma mpaka ikute alama ambayo kwenye barua humaanisha mwisho, inaacha hapo hapo. Filamu imejaa alama hizo kwa bahati tu, kama mchanga kwenye dagaa wa omena.

Sasa tumefika Osieko. Januari 1998 maji ya mafuriko yalikuwa bado yamekaa Budalang'i, na kipindupindu kilikuwa kinatembea ufuoni mwa ziwa kutoka boma hadi boma. Mimi nilikuwa na wiki mbili kazini, katika miezi sita ya majaribio, na nikapelekwa na Mzee kushika kipaza sauti. Pale Osieko tulimkuta Mama Akumu, mwuza samaki. Mtoto wa shemeji yake alikuwa amempitia mchana akiwa na kiu, naye akampa kikombe cha maji kutoka mtungini. Kesho yake mtoto akafa. Watu wakasema Mama Akumu alitia kitu kikombeni. Hakuna aliyenunua samaki wake tena, na mama wa mtoto alikuwa anapita mlangoni pake akiangalia upande wa pili.

Alikubali kusema mbele ya kamera, kwa sharti moja. Alimshika Mzee mkono na kumwambia, "Musinionyeshe nusu, mzee. Watu yangu waone kwanza, na waone yote mpaka mwisho." Mzee akamwahidi.

Filamu ilitoka katika sehemu tatu. Katika Opio, muuguzi anaeleza jinsi ugonjwa ulivyokuwa ndani ya maji ya ziwa, na Mama Akumu anasimulia kwamba aliyachota, hakuyachemsha, na hakujua. Katika Odongo anauinua mkono wake mbele ya kamera na kusema, "Ni huu mkono ulimpa kikombe," kisha analia. Okello inafundisha kuchemsha maji na kuchimba choo. Basi fikirini wenyewe mtu akiitazama Odongo bila Opio. Ni mwanamke anayekiri kuua.

Onyesho lilipangwa Ijumaa tarehe 20 Machi, saa nane mchana, hapo hapo Osieko. Siku moja kabla, Mzee alijaribu njia ya mkato kwenye ukurasa mweusi, ile ya kuweka nyota badala ya majina ili mashine ikusanye vipande yenyewe. Ikamtolea Odongo mbele, Opio nyuma. Mzee alicheka mpaka akavua miwani. "Hii mashine haina mama, Beryl," akaniambia. "Haijui nani alizaliwa kwanza. Lazima umwambie." Akaifuta filamu ile, akasema kazi yenyewe tutaifanya asubuhi kwa majina kamili.

Asubuhi, saa mbili, yeye alikuwa nje na Protus wakifunga jenereta garini. Mimi nilikuwa mbele ya kompyuta, na vidole vyangu vya chuo cha uhazili vilikuwa vinawasha. Nilikuwa nimeitazama amri ile ukutani mara mia. Sikugeuka hata kuitazama mara ya mia na moja. Nikaandika majina matatu kwa mpangilio safi kabisa, Opio, Odongo, Okello, nikijisifu kwamba nimekumbuka. Sikuweka b. Sikuweka jina la mwisho. Mashine ikaniandikia kwamba faili moja limenakiliwa, kama vile inanipongeza. Nikamfungua Opio nimwone. Dakika nane na nusu za Mama Akumu na muuguzi zilikuwa zimebaki weusi wa kufumba na kufumbua.

Kanda ya kamera haikuwepo. Ilikuwa imetumika tena kurekodi sherehe ya ufunguzi wa choo, kwa sababu kanda zilikuwa chache na wakubwa wanapenda kufungua vyoo. Sina haya kusema nililia. Nililia kwa sauti, na Mzee akaingia mbio akidhani nimepigwa na umeme. Akatazama ukurasa mweusi, akasoma nilichoandika. Kisha akasema, "Wacha kulia kwa keyboard, dada. Maji na stima haipatani." Akaenda kabatini akaleta kopo la Kimbo.

Ndani ya kopo, zimefungwa kwa kitambaa cha kanga, zilikuwa diski tatu nene. Mzee alikuwa amevihifadhi vile vipande vifupi vya mwanzo, vyote, kabla ya kuungwa, kama alivyokuwa akihifadhi vikato vya filamu tangu nikiwa sijazaliwa. Opio alikuwa vipande kumi na saba. Kila kimoja kilikuwa na jina la mtu wa ukoo wake wa Amukura, kuanzia babu. Nilipoiona orodha ile nilikufa moyo mara ya pili, maana katika watu wote wa wilaya ni mmoja tu aliyeweza kunitajia nani alimfuata nani, na alikuwa amesimama nyuma yangu akipangusa miwani.

Umeme ukapotea. Protus akaishusha jenereta aliyokwisha kuifunga, akaiwasha mlangoni, na kazi ikaanza. Mzee alitaja, mimi niliandika, na safari hii yeye alisoma kila herufi kabla sijabonyeza. Tulipofika jina la kumi na kitu mashine ikagoma. Mstari wake una mwisho, na majina kumi na saba hayaenei. Mimi nikainua mikono. Mzee akasema ukoo hauingizwi wote mlangoni kwa mara moja. Wataingia wawili wawili. Tukaunga babu na ndugu yake, tukaunga shangazi na shangazi, kila jozi ikapata jina jipya na b yake na jina lake la mwisho. Kisha jozi na jozi. Kisha nyumba na nyumba. Saa tano na nusu ukoo wote ulikuwa umekusanyika ndani ya jina moja, na jina hilo lilikuwa Opio. Nilipoona uso wa muuguzi umejitokeza, nilimkumbatia Mzee kabla sijakumbuka adabu.

Protus alikuwa amekwisha kupiga honi mara nne. Alichungulia dirishani akauliza, "Boss, tunaenda ama hatuendi? Si tuonyeshe hizo mbili tu, watu wasingoje?" Mzee akaendelea kuandika. Akaunga mapacha na Okello, kisha akainakili kwenye kanda ya video huku amekaa kuitazama nzima, dakika ishirini na saba, kwa sababu hajawahi kutoka na filamu asiyoiona mpaka mwisho. Honi iliendelea. Naye aliendelea kutazama.

Barabara ya kwenda ziwani mnaijua, na mwaka ule ilikuwa tope kuliko barabara. Tulifika Osieko saa kumi na moja jioni badala ya saa nane. Mgeni wa heshima kutoka makao yetu makuu alikuwa amengoja, akakasirika, akaondoka. Watu wa Osieko hawakuondoka. Mama Akumu alikuwa amekaa juu ya karai lake la samaki lililopinduliwa, peke yake, na kuzunguka karai lile palikuwa na nafasi tupu ya watu watano kila upande. Tukaweka televisheni ndani ya ghala la samaki ili mwanga usiipoteze picha. Ukoo wa Amukura ukapita kipande baada ya kipande, na hakuna aliyeona ulipounganishwa. Mama Akumu alipouinua mkono wake kwenye kioo, mle ghalani tulisikia jenereta ya nje tu. Filamu ilipokwisha, mama wa yule mtoto alisimama. Alipita katikati ya watu, akakaa chini kando ya karai, akasema kwa sauti ya kawaida, "Rudieni tena, nione vizuri." Tukairudia. Tuliirudia mara tatu, na mara ya tatu wale wawili walikuwa wanaitazama wakiwa wameshikana mikono.

Filamu hiyo imeonyeshwa katika vituo thelathini na viwili tangu hapo, kutoka Port Victoria hadi Malaba. Daktari Okwara huwaambia wageni kwamba ndiyo kazi bora iliyowahi kutoka katika jengo hili. Mama Akumu anauza samaki, na tukipita hutufungia mbuta kwenye gazeti atake Mzee asitake.

Wiki moja baada ya Osieko, barua ililetwa mezani kwangu niitoboe na kuitia katika faili. Ilikuwa onyo kwa Methuselah Oriokot kwa uzembe ulioharibu kazi ya mradi na kumchelewesha mgeni wa heshima. Chini yake palikuwa na maelezo yake mwenyewe kwa mwandiko wake wa herufi kubwa: faili liliharibika, kosa ni langu. Nikamkimbilia na barua mkononi. Alikuwa anasafisha lenzi, na hakuacha. "Wewe uko majaribio, watakufukuza," akasema. "Mimi miaka thelathini, watanifanya nini? Ni karatasi tu. Rudi kazi."

Nikarudi kazini. Nikaitoboa barua ile kwa mkono wangu, nikaitia. Niliogopa, na nilipokwisha kuthibitishwa kazini niliendelea kunyamaza kwa sababu kunyamaza kulikuwa kumezoeleka. Miezi kumi na mitano na zaidi faili la Mzee lilikaa kabatini likiwa filamu isiyo na Opio, na mimi nilikuwa na ufunguo wa kabati.

Mwezi uliopita orodha ya Vyeti vya Utumishi Safi ilibandikwa ubaoni. Mzee aliisoma kutoka juu mpaka chini. Akairudia, kwa kile kidole cha shahada, jina kwa jina. Kisha akasema chai imepoa, akaenda kuinywa. Haikuwa karatasi tu. Ilikuwa miaka thelathini na mmoja, na kama ningalimjua vizuri zaidi, ningalitambua hivyo siku ile ile akisafisha lenzi.

Siku hiyo hiyo niliingia kwa Daktari Okwara nikamweleza yote, kutoka Opio. Protus aliitwa akathibitisha, akaongeza kwamba alipiga honi mara saba, si nne. Daktari akaniuliza kwa nini sikusema mapema, nami nikamwambia kwamba niliogopa, kisha nikazoea. Sasa mambo yako hivi. Barua ya onyo ya mwaka wa 1998 imefutwa rasmi. Barua nyingine yenye jina la Beryl Amondi imeandikwa tarehe 12 Julai 1999. Nimeitia sahihi, nimeitoboa mwenyewe, na imekaa mahali pake.

Mpaka nilipoanza kusoma, Mzee alikuwa hajui. Nakala yake ya karatasi hii tumeificha, na Protus amepewa kazi ya kumkalisha kiti cha mbele asitoroke kwenda kutazama jenereta. Ninaposoma mstari huu, Daktari Okwara anasimama na Cheti cha Utumishi Safi mkononi. Kimeandikwa jina kamili, Methuselah Oriokot, na miaka yake yote, hata ile siku moja ya Jumamosi, ambayo Daktari ameikubali mwishowe.

Mama Apeduno, tunakushukuru kwa kutuazima mume na majina ya watoto wako. Mzee, tunakushukuru kwa Alupe, kwa Malaba, kwa Budalang'i mara mbili, na kwa Osieko. Eyalama noi, asante sana. Kopo la Kimbo umeniachia, na chaki ya ukutani hatutaifuta. Nitaigeukia na kuitazama kila asubuhi kabla sijabonyeza. Rudi Amukura ukale mihogo yako bila haraka, afya ikae nawe, na siku zako zote ziwe njema, zikifuatana moja baada ya nyingine kwa mpangilio wake.

Sasa simama, Mzee, ukichukue. Na mtu akikuuliza faili lako lina nini, mwambie lina ombi la viatu vya mpira.